Shamba Lililokatwa Vichwa

Kabla hajaamkiana na mtu, alikuwa anavunja muhogo. Unamwona anaingia uani, kofia mkononi, wewe umeshaandaa shikamoo yako, yeye anapita moja kwa moja hadi kwenye rundo karibu na jiko. Anainama, anachagua mmoja, anauvunja kwenye goti: kwach! Anauinua juani, anafumba jicho moja na kuutazama pale ulipokatika kama fundi saa. Ukiwa mweupe anasema, "Bado." Ukiwa umeanza michirizi ya rangi ya wino anasema, "Pole, mwenzangu." Pole hiyo anaupa muhogo, si mama yangu aliyeulima. Halafu ndipo anageuka na kusema, "Marahaba, hamjambo hapa?" Anaitikia shikamoo ambayo hakuna aliyekwisha kuitoa.

Sisi tulimwita Bwana Shamba tu. Jina lake nililisikia mara moja ofisini kwa mtendaji, nikalisahau hapo hapo, na sikuona hasara. Nataka kueleza alikuwa mtu wa namna gani, lakini jamani, kila nikishika jambo lake moja, jingine linakuja kulikanusha. Nimemfahamu miaka mingi na bado sijamwelewa. Labda nikiyamwaga yote hapa, wewe utaona nisichokiona.

Chukua hili kwanza. Mtu huyu maisha yake yote yalikuwa muhogo, lakini muhogo hali. Mama akimwekea wa kuchemsha na nazi, wa kuchoma na pilipili, au bada, ule ugali wetu wa muhogo, anasukuma sahani kwa adabu. "Ahsante, mama, nimetoka kula." Ametoka kula wapi, na kaingia hapa kwetu Sindeni alfajiri kutoka Korogwe? Ukimletea ugali wa mahindi, huyo huyo aliyeshiba anaumaliza na kulamba vidole. Kwake ni Dindira, kule juu kwenye chai na migomba, nikadhani watu wa milimani wanatudharau sisi wa huku chini kwa chakula chetu. Siku moja nikamuuliza.

"Simdharau mtu," akasema. "Siupendi tu."

Sasa mtu anakitetea namna ile kitu asichokipenda? Nilichoka.

Kwa asiyewahi kulima, nieleze. Muhogo ukiwa ardhini unakaa hata mwaka na zaidi, haudai kitu. Ukiung'oa tu, mambo yanageuka. Siku mbili tatu, basi. Nje unauona mzima, ganda halina kovu, ukiuvunja ndani kumeingia weusi, na ukiupika unakuwa mchungu na harufu haieleweki. Zamani haikutusumbua sana, kwa sababu tulikuwa tunamenya, tunaukausha juani kuwa makopa, na ushirika unakuja kununua. Zikaja zile siku za ruksa, kila mtu huru kufanya biashara. Ushirika ukanyong'onyea, yakaja malori ya watu binafsi, na mwenye lori hataki makopa. Anataka muhogo mbichi, mweupe, wa kupeleka mjini ukakaangwe na kuchomwa.

Huyo mwenye lori wetu alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Alimwambia mama mbele yangu, "Mama Mwanaidi, nikikuta mzigo wako mweupe, wewe ndiye utakayenikusanyia muhogo wa Sindeni yote. Nikivunja mmoja nikaukuta mweusi, sishushi hata mguu." Maneno matamu. Ila lori lenyewe akisema Alhamisi, linakuja Jumatatu. Akisema Jumatatu, limeharibika Segera. Tunang'oa, tunapanga kando ya barabara, tunafunika majani, tunakaa tunatazama vumbi la magari ya wengine, na muhogo unaingia weusi tukiutazama. Mwenzangu, inauma! Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume, kule Mashewa, na mtoto mgongoni. Mimi na mama na mtoto tulikuwa tunalitegemea shamba lile moja. Mama akiupata ukusanyaji, tunasimama. Akiukosa, tunarudi kwenye makopa yasiyo na mnunuzi.

Kwa hiyo mtu anayejua kwa nini muhogo unakuwa mweusi tulimsikiliza, hata kama maelezo yake yalinitia kizunguzungu.

Mara ya kwanza aliniambia ni hewa. "Hewa hii hii tunayovuta," akasema. "Ukiukata muhogo, umeufungulia mlango. Hewa inaingia kwenye jeraha na kuwasha moto usioonekana."

"Mbona mimi naivuta na siwi mweusi?" nikamuuliza.

"Una walinzi."

"Walinzi gani?"

"Vimeng'enya," akasema, akatamka polepole kana kwamba ananipa dawa. "Kila kiumbe kinao. Kazi yao kuzima huo moto kila unapowaka. Na muhogo unao. Ila wa kwako wamelala."

Msimu uliofuata, habari ikawa nyingine. Sasa si kwamba walinzi wamelala, bali hawajapewa maagizo. Maagizo yanakaa kwenye chembe za urithi, ndani kabisa ya mmea, muhogo umeyarithi kwa mama yake kama wewe ulivyorithi pua. Upo muhogo wenye maagizo ya kuamka haraka, upo uliorithi uvivu. Msimu mwingine tena akasema la, maagizo wanayo wote, tofauti ni malezi: muhogo uliopigwa na jua la huku Handeni na kiu ya Handeni walinzi wake wamezoea shida, hawashtuki.

Mama alimkatiza. "Bwana Shamba, uliposema ni urithi nilitupa mbegu zangu nikatafuta nyingine. Sasa unasema ni malezi. Nishike lipi?"

Akakuna kidevu. Akatutazama mama na mimi, akatazama rundo. "Yote," akasema. "Nilikaa semina kwenye kituo cha utafiti, mtaalamu akaeleza kutwa nzima. Nilielewa nusu. Ile nusu nyingine najazia mwenyewe."

Basi hapo ndipo nilipoanza kumpenda, na hapo hapo ndipo nilipoanza kumwogopa. Bwana shamba gani anakiri kwamba nusu anajazia?

Na kitu kingine. Serikali ilipopunguza watu kazini, naye alipunguzwa. Baiskeli ikarudishwa, na kile chumba cha ofisi chenye picha za mahindi ukutani kikafungwa. Wenzake waliopunguzwa walifungua vioski, wakauza mitumba, mmoja akawa dalali wa ng'ombe. Yeye akaendelea kuja. Anapanda pikapu za watu kutoka Korogwe, akikosa anatembea, shati lile lile la kaki. Hakuna aliyemtuma, hakuna anayemlipa. Ukimuuliza kwa nini anakuja anakujibu kuhusu mvua.

Watu wakasema anamtaka mama. Mama ni mjane, na yeye ana mke kwake Dindira, lakini hilo halijawahi kumzuia mwanaume. Nami nilichunguza, nisiseme uongo. Nilikaa nikachambua mchicha uleule mara mbili nikitega sikio. Wapi! Wanabishana kuhusu muhogo tu. Nikamuuliza mama waziwazi. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanaume anayekutaka anakuja amechana nywele," akasema. "Huyu anakuja amebeba jembe."

Ndipo likaja lile jambo.

Alifika siku moja macho yamemtoka, muhogo hakuvunja. Akasema amekumbuka kitu cha kwenye ile semina, ama amekiota, hana hakika. Dawa ya weusi si baada ya kung'oa, ni kabla. "Kateni miti ya mihogo kwa juu. Acheni kisiki kifupi tu. Muhogo wenyewe ubaki ardhini, msiuguse. Ukae hivyo wiki mbili, tatu. Ukikatwa kichwa unapata mshtuko, lakini mshtuko mdogo, uko kwake, udongo umeufunika. Walinzi wanaamka. Siku mkija kuung'oa mnawakuta macho."

Kumkata mtu kichwa ili apone, nani amewahi kusikia?

"Shamba lote?" akauliza.

"Lote. Na miti msiibebe, iacheni ilale hapo hapo ifunike udongo usikauke."

"Nikikosa?"

"Hukosi, Mama Mwanaidi."

Hakuwahi kusema "hukosi" juu ya kitu chochote. Huyu ni mtu aliyekuwa akisema "labda" hata kuhusu jua kuchwa. Mama akaangalia barabarani upande lori linakotokea, akaniambia nichukue panga. Tulikata kutwa, na yeye akikata nasi, na kila mti anaoangusha anaunong'oneza kwa ule upole wake, "Pole, mwenzangu. Pole."

Wiki ile ile tukapata msiba Mashewa, bibi wa mwanangu upande wa baba. Ndoa imekufa lakini msiba haufi, tukaenda wote, tukakaa karibu wiki tatu, mpaka watu wakaanza kuzungumzia arobaini.

Sasa sikiliza. Kwetu shamba likishavunwa, masazo ni ya wote. Mwenye jembe anaingia kuokoteza, mwenye ng'ombe anaingiza ng'ombe. Hakuna anayeomba ruhusa, maana kuomba ni kama kumwambia mwenye shamba kwamba ana choyo. Na alama kwamba shamba la mihogo limevunwa ni ipi? Ni miti iliyokatwa ikaachwa imelala. Mama analijua hilo tangu tumboni. Mimi nalijua. Hatukulikumbuka hata kidogo, kwa sababu hakuna mtu Sindeni aliyewahi kukata miti na kuuacha muhogo chini. Bwana Shamba ndiye asiyelijua. Kwao Dindira ng'ombe wanafungwa bandani, majani wanaletewa.

Alianza mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa akipitisha mifugo kuelekea majini. Akasubiri majani yanyauke, maana mabichi yana sumu kwa ng'ombe, kisha akaingiza kundi. Nilipomkabili baadaye hakuona kosa lake lilipo, na mimi hadi leo silioni. "Shamba limekatwa, mama," akaniambia. "Likikatwa ni la ng'ombe. Nilikosea wapi?" Majirani walipoona ng'ombe ndani, wakajua hakika limeachwa. Wakaingia na majembe. Na walivyochimba wakakuta mihogo tele, minono, wakaambiana Mama Mwanaidi ana roho nzuri kweli, msiba umemkaba na bado ametuachia vyote hivi. Walituombea dua, jamani! Walitumalizia shamba huku wakituombea dua.

Tuliporudi, Bwana Shamba tulimkuta kasimama katikati ya mashimo. Nilitegemea alie au atukane. Badala yake uso ulikuwa umechanganyikiwa, kama wa mtu aliyeamshwa kwenye nyumba isiyo yake. Akauliza, "Nani anao?"

"Nani anao nini?" mama akasema.

"Muhogo. Walionao, ni mweupe?"

Na akaondoka, nyumba hadi nyumba. Hodi, hodi. "Naomba niuone muhogo mliochukua. Niuvunje tu." Yeye alikuwa hadai kitu, alitaka kuona rangi. Lakini fikiria wewe umekaa kwako, habari imeshaenea kwamba shamba lile halikuwa limeachwa, na hapo mlangoni kuna mtu mwenye shati la kaki la serikali anauliza muhogo. Kila nyumba ilijibu jibu moja: "Muhogo? Hapa hatuna muhogo." Muhogo uko chini ya kitanda. Uko ghalani nyuma ya mahindi, uko chini ya tenga la kuku na kuku juu yake. Alizunguka mpaka jua likawa kali akarudi mikono mitupu, akakaa kwenye kinu chetu bila kukaribishwa.

Na kana kwamba imepangwa, lori likaja siku ile ile mwenyewe aliyosema litakuja. Mara moja katika maisha yake! Mnene akateremka, akatazama mashimo, akatazama ng'ombe wakicheua, akasema kwa ile sauti nyembamba, "Haya, Mama Mwanaidi, Mungu akujalie." Akaenda kumpa ukusanyaji mtu wa kijiji kingine.

Mama hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimgeukia Bwana Shamba pale kwenye kinu, akasema, "Ulisema sikosi. Usikanyage tena hapa."

Akainuka, akashika kofia. Mlangoni alisimama kidogo, nikadhani atasema kitu. Akasema, "Mvua zitachelewa mwaka huu." Akaenda. Hakukanyaga tena.

Tulirudi kwenye makopa, tukauza kidogo kidogo gulioni, tukaishi kwa kubanana. Msimu ukapita. Siku moja kisimani jirani yetu wa ng'ambo ya korongo akamvuta mama pembeni, akatazama nyuma na mbele. "Dada, nina neno. Ule muhogo wako." Mama akakunja uso. "Niliuficha chini ya kitanda siku zile, nikauacha kwa hofu. Nilipoutoa kwenda kuutupa nikauvunja. Dada, ulikuwa mweupe. Siku zote zile, mweupe pe! Nilipoupika ulichelewa kuiva kidogo, ukawa na utamu-utamu, lakini mweupe." Mama akakaa juu ya ndoo yake, maji yakamwagika.

Kumbe hakuwa peke yake. Nyumba nzima nzima za Sindeni ziliutoa muhogo chini ya vitanda zikaukuta mweupe, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu kusema ni mweupe ni kusema ninao. Walikaa kimya, na kimyakimya wakaanza kukata vichwa vya mihogo yao kabla ya kung'oa. Siku hizi wote tunakata. Ila tunaacha mstari mmoja kando ya njia, miti imesimama na majani yake, ili mpita njia na mwenye ng'ombe wajue shamba lina mwenyewe. Malori yakarudi, na mama akakusanya muhogo wa Sindeni mpaka miguu ilipomkatalia. Si kwamba weusi umekwisha. Mwaka mwingine unakata, unangoja, unang'oa, unaingia weusi vile vile, na hatujui kwa nini. Hapo ndipo huwa namkumbuka, maana yeye angekuwa na sababu tatu.

"Mfuate basi," nilimwambia mama miaka mingi.

"Nimemfukuza kwa mdomo huu huu," anasema. "Nimrudishe kwa mdomo gani?"

Mwaka juzi akaniita kitandani. "Nenda Dindira. Mpelekee muhogo. Usimpelekee uliong'olewa jana, chukua ule wa wiki iliyopita. Na mwambie nimesema akanyage."

Nilipanda. Ukungu, baridi, chai pande zote, nikaulizia kwa Bwana Shamba wa zamani nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa barazani na sweta la mtu mnene kuliko yeye. Nikamwamkia shikamoo, mke wake akaniletea kigoda. Yeye aligeuza uso upande wa sauti yangu na sio wangu. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Mtoto wa jicho.

"Mwanaidi," akasema. "Wa Sindeni."

"Ndiye mimi, mzee. Mama kasema ukanyage."

"Ananihurumia. Nilimmaliza."

Nikamweleza yote. Kitanda, ghala, tenga la kuku, kisima, ule mstari kando ya njia. Alikuwa akitikisa kichwa, si kwa kukubali, kwa kukataa. "Nilipita kila nyumba," akasema. "Walisema hawana."

"Walikuogopa, mzee."

"Mimi?" Sijawahi kuona mtu aliyeshangaa vile.

Nikamwekea muhogo mapajani. Akaupapasa kutoka kichwani hadi mkiani, akautafuta ule mkato wa kisiki kwa kidole gumba. "Uling'olewa lini?" Nikamwambia. Akauvunja kwenye goti, kwach, ile ile. Akauinua mwangani, akafumba jicho moja. Kisha akakumbuka, akaushusha.

"Ni mweupe?" akaniuliza.

"Mweupe, mzee."

"Mnatudanganya sisi wazee mtufurahishe."

"Haki ya Mungu ni mweupe!"

"Muulize mke wangu."

"Mweupe," mke wake akasema.

Hakutuamini hata mmoja. Alikaa ameshika vile vipande viwili, nami nimepanda mlima wote ule na mtu hawezi kuona. Ndipo akamenya kwa kucha kipande kidogo, ganda likatoka, akakitia mdomoni kibichi. Mke wake akashika kifua. "Huyu! Tangu anioe sijamwona na muhogo mdomoni."

Alitafuna polepole, akiutafuta ule uchungu wa weusi. Akameza. Machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona, akayaacha yashuke.

"Ni mweupe," akasema. "Kwa nini lakini?"

"Sijui, mzee."

"Na mimi sijui." Akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta. "Na bado siupendi."

Akanyoosha mkono nimmenyee kipande kingine.